Utosi Wangu na Kamera ya Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Bosi amefunga kamera ya ulinzi juu ya kaunta ya studio. Eti vifaa vimeota miguu. Skrini iko mezani kwake, tukaitwa sote kuitazama. Nikajiona nimeinamia kompyuta, namwondolea mteja chunusi. Ndiyo kazi yangu, kusafisha nyuso za watu. Katikati ya kichwa changu, doa jeupe. Nikatoa kitambaa, nikafuta skrini. Doa halikutoka. Nikafuta tena, safari hii kwa mate. Kichaka, mpiga picha wetu, ambaye jina hilo amepewa na nywele zake, akaniambia kwa upole kwamba skrini ni safi. Hicho ni kichwa changu.

Miaka ishirini na tisa! Baba alianza akiwa na arobaini. Mimi nimegawiwa urithi mapema.

Halafu Bosi akatangaza. Anafungua tawi la pili, na Jumamosi atamtaja msimamizi. Ni mimi au Kichaka. Mama anayefagia kaulizwa, kasema hataki makuu. Kazi hii naitaka mpaka naiota usiku. Miaka sita nawafuta watu makunyanzi na sijawahi kukabidhiwa ufunguo wa mlango wowote. Ila picha ya msimamizi itatundikwa dirishani, kubwa. Nani atatundika kipara kwenye dirisha la studio? Sisi biashara yetu ni kupendezesha watu.

Skrini yenyewe Bosi kasema ataiwasha kitu kikipotea tu. Alipotoka kwenda kula, nikapanda kwenye stuli nikaigeuza kamera itazame dari. Akili ni mali.

Jumanne, 4 Machi

Duka la dawa. Mfamasia ni dada mwenye sauti ya kutangaza mpira. Nilimnong'oneza. Akajibu kwa kuuliza kama zinapukutika mbele au utosini. Foleni yote ikajongea. Mzee mmoja nyuma yangu akasema utosini, tena akaonyesha kwa kidole.

Maelezo yalikuwa marefu. Kuna dawa ya kupaka, asubuhi na jioni, na usianze kuihukumu kabla ya miezi minne. Wiki za mwanzo nywele zinaweza hata kuzidi kudondoka. Ukiiacha, utarudi ulikotoka. Vidonge vipo pia, ila nimwone kwanza daktari wa ngozi, maana vina madhara yake. Kupandikiza kupo, kwa mwenye uwezo. Au nyoa zote, upumzike. Nikamwuliza ipi inafanya kazi kufikia Jumamosi. Akasema kofia.

Kofia haiwezekani. Bosi hataki kofia ndani, kwa sababu wateja wenyewe tunawavua. Nimenunua ya kupaka. Karatasi inasema mililita moja. Nimepaka ya wiki tatu. Haraka haraka haina baraka, lakini waliosema hivyo hawakuwa na Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Kichwa kinawasha. Mto umejaa nywele. Zimezidi! Nikamrudia mfamasia. Akaniuliza kama nilifuata kipimo. Nikasema ndiyo. Akaiangalia chupa, imebaki robo. Akasema nipumzishe ngozi hadi itulie, kwamba kuzidisha hakuoteshi nywele, kunaleta vipele na kizunguzungu. Nimemwona hana ari.

Dada yangu, ambaye aliwahi kumfunga mtu bendeji na tangu hapo ni daktari, kanishauri maji ya kitunguu. Nimepaka kabla ya kuja kazini. Mteja wa picha ya familia alitokwa na machozi, na mkewe, na mama mkwe. Nimelazimika kuyafuta kwenye kompyuta, chozi moja moja. Bosi akauliza nani anapika. Kichaka akanusa, akanitazama, hakusema neno. Mtu akinyamaza namna hiyo ana lake. Nimemweka kwenye uangalizi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nimejiganga.

Printa yetu kubwa inatumia wino wa unga, mweusi tii. Mimi nafunika dosari za watu kutwa, kwa nini yangu ibaki wazi? Nikachovya brashi ya kufutia lenzi, nikaupaka utosi taratibu. Kwenye kioo cha wateja akasimama kijana wa miaka ishirini. Nilimpenda sana.

Kichaka alitumwa betri, na wateja wa picha za pasipoti wakajazana. Nikapiga mwenyewe, taa zote zinawaka. Kila mteja namwonyesha kwa vitendo: unakaa hivi, mgongo wima, kichwa nyuma kidogo, hapa kwenye pazia jeupe. Nakaa, naegemea, nainuka. Nilikuwa msimamizi kabisa. Kwenye picha nikaona kivuli cha kijivu kando ya sikio la kila mtu. Nikajua ni taa. Nikasogeza taa. Kivuli hakikuondoka, nikasogeza tena.

Mteja wa mwisho, mwalimu, aliniuliza kama huwa napaka wanja nyuma ya masikio. Nikakimbilia bomba. Jasho jeusi mpaka kwenye kola.

Ijumaa, 7 Machi

Wateja wote wa jana wamerudi. Picha zimekataliwa. Nyuma ya kichwa lazima kuwe kweupe, na mwalimu anasema ofisa alimwuliza kama sikio lake linafuka moshi. Bosi akalivua pazia, akalipeleka dirishani. Doa jeusi la mviringo, saizi ya kichwa cha mtu. Akauliza nani.

Hapo ningesema. Mdomo ulishafunguka. Nikasikia unasema dari linavuja, na maji yanakuja na masizi. Bosi akasema mvua haijanyesha. Nikasema ndiyo maana masizi yamekuwa mengi. Akasema vizuri, kamera itatuambia. Kesho tutaangalia wote kabla hajamtaja msimamizi.

Nikaanza kulikunja pazia. Kisha nikakumbuka kwamba kamera inatazama dari. Haikuona kichwa, haikuona pazia. Nimekula vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeumbuka.

Bosi alianzia Jumatatu, mchana. Kwenye skrini ukaja utosi. Ukapanda, ukakua, ukajaza skrini nzima, kila unywele peke yake kama migomba kwenye shamba lililolala. Kisha mkono. Kisha dari. Dari la Jumanne, dari la Jumatano, dari la Alhamisi. Kavu. Buibui mmoja anakwenda na kurudi. Bosi akaharakisha, buibui akakimbia. Tone hakuna. Mama anayefagia akatoka nje, tukamsikia akicheka mpaka barabarani.

Kichaka hakucheka. Akasema labda niligusa kamera kwa bahati mbaya nikifuta vumbi. Alikuwa ananitetea! Wiki nzima namwangalia kama mwizi, na kumbe alinyamazia kitunguu kwa kunihurumia. Nikajisikia vibaya kuliko kama angecheka.

Bosi akaniita pembeni. Akasema jina langu ndilo alilokuwa nalo tangu kabla ya Jumatatu. Utosi wangu anauona mwaka wa pili sasa, akiwa kitini kwake nami nimeinama, na alidhani najua. Mumewe hana hata unywele, na sokoni ndivyo anavyompata upesi. Mtu anayeficha kichwa hamlaumu. Mtu anayelisingizia dari hampi ufunguo. Tawi ni la Kichaka.

Nilimpongeza. Kisha nikaenda chooni nikalia, sioni haya kuandika. Ilikuwa yangu. Ilikuwa yangu kabisa, na nilichotakiwa kufanya ni kutulia tu.

Nilipotoka, Bosi akasema mlango haujafungwa wote. Nikimaliza mwezi mmoja bila ujanja, nitakwenda kuwa msaidizi wa Kichaka. Nikaapa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimenyoa zote. Kinyozi aliuliza nilikuwa nangoja nini. Upepo unapita, raha tupu. Bosi kasema kipara kinanikaa vyema. Kichaka kasema nafanana na mtu mwenye gari. Mfamasia alikuwa anapita, akanipigia kelele za pongezi toka ng'ambo ya barabara, na barabara nzima ikageuka, nami sikujali. Mtu mpya. Mambo ya kuficha na kubandika basi. Ukweli una starehe yake.

Jumatano tunapigwa picha ya wafanyakazi wote, kwa ajili ya dirisha la tawi. Nikajitazama kwenye kioo cha wateja nione nitakaaje.

Masikio!

Yametoka lini? Yamesimama kama mlango ulioachwa wazi pande zote mbili. Kumbe nywele zilikuwa zinanisitiri. Stoo kuna gundi ya kubandikia picha kwenye mbao, mkebe unasema inashika papo hapo na haibanduki. Sikuwa na papara. Nimejifunza. Nimeanza na la kushoto peke yake.

Limelala vizuri sana. Simu nitasikilizia la kulia.