Tundra Yafika Kasikeu

Kwa mamlaka niliyopewa na Idara ya Uratibu wa Takwimu Mashuleni, ninayo heshima kutangaza kwamba tundra imefika Kasikeu. Haijafika yenyewe, maana tundra ni nchi ya barafu kule kaskazini kabisa mwa dunia, na hapa kwetu hata soda baridi ni ya kubahatisha. Zimefika data zake. Kiutawala hakuna tofauti.

Mpango wenyewe ni rahisi. Wafadhili walituletea data za mimea ya tundra pamoja na tangi kubwa la maji. Shule ambayo wanafunzi wake wataeleza vizuri jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyoathiri mimea hiyo, ndiyo itapewa tangi. Kusimamia nikateuliwa mimi, Afisa Mratibu Mwau. Tangi nikalihifadhi nyuma ya ofisi, kwa usalama wake.

Shule ya Upili ya Kwa Ilinge walilitaka hilo tangi vibaya sana. Wasichana wa pale huamka na giza kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, na wakifika darasani wanasinzia.

"Sir, hii tangi tukiikosa, wengine hawarudi next term," mwalimu wao wa baiolojia, Kavindu, aliniambia. "Wazazi wamechoka."

Nikamwambia atulie, serikali iko kazini.

Nilipokwenda kukagua maandalizi, msichana mmoja wa kidato cha tatu, Mbinya, alinionyesha grafu alizochora. Huko tundra, akasema, theluji inayeyuka mapema kuliko zamani, kwa hivyo maua nayo yanachanua mapema. Vichaka vinarefuka, na mimea midogo ya chini inakosa jua.

"Safi," nikasema. "Lakini waraka wa Idara unataka elimu ianzie kwa mazingira ya mwanafunzi. Tundra ya hapa iko wapi?"

"Hapa hakuna tundra, sir," Kavindu akajibu.

"Mwalimu, kukosekana kwa tundra si sababu ya kutotekeleza waraka."

Akatupa macho kule langoni. "Basi tutumie njia ile ile, lakini tupime mimea ya hapa shuleni?"

Nikaidhinisha papo hapo. Wengine wetu tumezaliwa na uongozi.

Siku ya siku ikafika. Mkurugenzi wetu, Bwana Kiema, alikuja na magari matatu na maboksi ya maji ya chupa. Kwaya ikaimba, mchungaji akaomba mvua, wazazi wakajaa uwanjani. Shimo lilikuwa tayari limechimbwa kando ya lango, kwa sababu mgeni wa heshima asipopanda mti ni kama hakuja. Hupanda, hupigwa picha, kisha kibao chenye jina na cheo chake hubaki pale. Vibao Kwa Ilinge ni vingi, vinapendeza sana. Miti hatukuwa tumeiulizia.

Mkurugenzi alipokwisha kupanda wake, Mbinya akasimama na karatasi yake ya manila.

"Watafiti wa tundra huangalia ni kitu gani kinabadilika pamoja na mmea," akaanza. "Sisi tulichunguza miti ya wageni wa heshima. Tulilinganisha mvua, udongo na aina ya mti. Vyote vinachangia, lakini kidogo. Kinachoua zaidi ni cheo."

"Cheo?" Mkurugenzi akauliza.

"Ndiyo, sir. Mti wa chifu ulimaliza mwaka. Wa afisa wa elimu uliona Krismasi tu. Wa mheshimiwa mbunge ulikauka kabla picha zake hazijatoka. Mtu akiwa mkubwa, anakuja wakati wa kiangazi kikali, na akienda anaenda na maji yake."

"Aiya!" akaropoka mama mmoja, Katunge, muuza ndengu sokoni. "Basi huu wa leo hata jioni hauoni!"

Wazazi wakapiga makofi ya kilo. Mimi jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

"Mwalimu, umenichomea picha mbele ya mkubwa," nikamnong'oneza Kavindu.

"Si uliidhinisha, sir?"

Mkurugenzi akasimama. "Mti wangu mimi hautakufa!"

"Hata sisi tunauombea, sir," Mbinya akasema kwa adabu. "Tutaupima kila wiki, na matokeo tutayabandika sokoni."

Mkurugenzi akakitazama kibao chake kipya, akavitazama vile vya zamani, kisha akanivuta kando.

"Mwau, tangi iko wapi?"

"Nyuma ya ofisi, mkubwa. Kwa usalama."

"Ilete leo. Ijazwe, na isikauke hata siku moja. Huo mti ukifa, mimi nimekwisha."

Hivyo ndivyo Kwa Ilinge walivyopata tangi, na gari la maji linalokuja bila kukosa. Wasichana sasa wanalala mpaka kupambazuke. Nami nimepandishwa hadhi kuwa Afisa Mkaazi wa Mti, cheo chenye ndoo na gambuti. Nikichelewa kumwagilia, Mbinya ananiandika.

Mwanzoni Mkurugenzi alikuwa akinipigia simu apewe matokeo mapema. Nilimwomba Mbinya ruhusa, akasema mkubwa asubiri sokoni kama watu wengine. Siku ya soko iliyopita alikuja mwenyewe, kofia imeshuka hadi machoni, akapanga foleni nyuma ya wauza ndengu mpaka karatasi ikabandikwa.

"Habari ya leo, mkubwa?" Mama Katunge akamwuliza.

"Tunamshukuru Mungu, mama," akajibu Mkurugenzi. "Nimeongeza jani."