Ndege wa Kofia ya Dhahabu Aliyetua Kileleshwa

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya watu wazima wenye darubini shingoni. Na niliwaita mwenyewe.

Mnajua nilijiunga na grupu ya watu wa kutazama ndege. (Wale mlisema nimekosa mchumba ndio nikaanza kufuata kunguru, nawaona.) Kwenye hiyo grupu mimi ndiye mgeni. Wenzangu wakisikia mlio tu wanakutajia ndege na ukoo wake. Mimi najua kuku, kunguru, na yule korongo wa jalalani. Nimekuwa nikitafuta nafasi ya kuonekana mtu wa maana.

Leo asubuhi nikiwa jikoni kwangu Kileleshwa, ndege akatua kwenye reli ya balkoni. Mwili kahawia, wa kawaida. Lakini kichwa kilikuwa njano ya kung'aa mpaka shingoni, kama amevaa kofia ya sherehe. Nikafungua kitabu changu cha ndege. Hayuko. Nilipekua kurasa zote, hata za bata.

Nikampiga picha kupitia dirisha lenye vumbi, nikatuma kwa grupu. "Wakubwa, huyu ni nani?"

Simu ikaanza kutetemeka, ikakataa kuacha. Mmoja akasema ni kwera, wale wa kusuka viota. Mwingine akasema kwera hana mdomo kama huo. Wa tatu akauliza kama nimepamba picha kwa simu. Nikamjibu kwa heshima kwamba huwa napamba zangu tu.

Kisha mwenyekiti wetu, Mzee Kariuki, mstaafu anayeishi mtaa wa Jamhuri, anayeongea kama anasoma taarifa ya habari, akaandika: "Mueni, sijawahi kumwona ndege huyu maishani mwangu. Usimfukuze. Tunakuja."

Nilisoma hiyo meseji nikirukaruka jikoni. Nikampigia mama, yuko Mwingi. Nikamwambia huenda nimegundua ndege mpya, na huenda akapewa jina letu.

"Analiwa?" mama akauliza.

Nikamwambia mama, hii ni sayansi. Akasema sawa, atawaambia akina mama wa kanisa waiombee.

Wageni wakafika. Mzee Kariuki na koti lake la mifuko mingi, Shiru wa mtaa wa Satellite na kamera ndefu kama bomba la maji, na wengine nyuma yao, wote wakinong'ona tangu kwa lifti. Askari wa geti alinipigia kuuliza kama nachunguzwa na serikali.

Nikawapanga nyuma ya pazia la sebule, nikawapa chai. Ningenyamaza hapo ningekuwa salama. Lakini nikaanza kuongea. Nikawaambia kuna watu hulala msituni wakitafuta ndege, na kuna watu ndege huwafuata nyumbani. Nikasema ni kipaji tu. Mzee Kariuki akaitikia kwa kichwa. Shiru naye alikuwa akiniangalia usoni, kama mtu ana neno na hajui ataanzaje.

Ndege akarudi. Akatua palepale kwenye reli, kichwa kikiwaka juani. Sebule nzima ikaacha kupumua. Mzee Kariuki alilengwa na machozi, si utani. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Asante, binti yangu."

Ndege akatazama kushoto na kulia, akarukia karai la maji niliyokuwa nimesuuzia nguo, akaanza kuoga.

Aoge tu, nikafikiri, picha zitatoka poa. Akachovya kichwa, akajitikisa. Akachovya tena. Maji yakaanza kugeuka njano. Kila akiinua kichwa, kofia imepungua. Mwishowe akasimama kwenye ukingo wa karai, kichwa cheusi, nywele zimesimama, akatoa ule mlio ambao Nairobi yote huamka nao.

"Shore," Mzee Kariuki akasema, akishusha darubini.

Shore. Ndege wa kila ua na kila mpapai wa mji huu. Hata mama yangu anamjua shore.

Bado nilikuwa na matumaini. Nikasema labda kuna shore wa kubadilika rangi. Kabla sijamaliza, shore mwenyewe akaruka mpaka pembeni ya balkoni, kwenye bakuli langu, akaingiza kichwa chote ndani akaanza kula. Akatoka na kofia mpya.

"Hilo bakuli ni la nini, Mueni?" Mzee Kariuki akauliza.

Ilikuwa papai, asali na bizari ya manjano. Ni ya kupaka uso. Kuna dada mtandaoni alisema uianike juani ikolee, na nimeipaka wiki nzima. (Kumbe tulikuwa wawili kwenye bakuli moja.)

"Ndio maana," Shiru akasema polepole. "Nimekuwa nikijiuliza tangu tuingie. Hata wewe uko njano."

Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Njano mpaka shingoni.

Mzee Kariuki ndiye alianza. Ile sauti ya taarifa ya habari ikakatika katikati, akakaa chini, akacheka mpaka vitu vyote vya mifukoni vikalia. Wengine wakafuata. Shiru alicheka huku akibofya kamera, na sasa alikuwa ananipiga mimi. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashikilia pazia, likang'oka.

Alipopata pumzi, mzee akaniambia kwamba alipoanza kutazama ndege, yeye aliwahi kukusanya watu waone bundi, kumbe ni mfuko wa plastiki umenasa mtini. "Sasa umekuwa mwenzetu kabisa," akasema, akaomba chai nyingine.

Kwa hivyo, mkiona maajabu, yaacheni kwanza yaoge ndipo mwite watu. Na mkicheka, chekeni kwa sauti ya chini. Wageni bado wako sebuleni, wanasema hawaondoki bila chapati.