Sumaku na Msalaba wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi! Nimejiajiri mwenyewe. Kuanzia leo mimi ni mthamini wa vidani vya dini: misalaba, medali za watakatifu, vidani vyenye aya. Sumaku nimenunua sokoni. Elimu ninayo, niliwahi kufagia duka la sonara kabla hajanifukuza. Sonara huyohuyo ndiye anayeninyima usingizi. Ana duka, hana mke, na mama wa mchumba wangu kila akimtaja anatabasamu. Jumapili mjomba wa mchumba anakuja kusikiliza posa yangu. Ameshauliza kijana anafanya kazi gani. Sasa jibu lipo.

Jumanne, 4 Machi
Meza yangu, ya kuazima, iko nje ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi amekubali mradi nisizibe mlango. Njia yangu ni ya kitaalamu: sumaku ikinasa, chuma, isiponasa, dhahabu. Basi! Sonara anapima kwa mizani na dawa huku amekunja uso. Mbwembwe tu. Juu ya madini mimi naongeza thamani ya baraka. Hilo sonara hakuliwaza! Muuza mkaa kaleta medali, nikamuuliza imemsaidia nini. Akasema ilimponya jino. Nikaipandisha daraja. Fundi viatu akadai yake ni zaidi, ilimrudishia mke. Muuza mkaa akasema anamfahamu yule mke, hiyo haihesabiki kuwa baraka. Wakashikana mashati. Kinyozi amenihamishia karibu na mtaro.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kaja mwenyewe! (Namwita mama mkwe humu tu, bado hajaniruhusu.) Akavua msalaba wake, ule aliovishwa na mumewe siku ya harusi. Alitaka tu kujua thamani yake, maana atamwachia binti yake. Nikapitisha sumaku. Ikanasa! Palepale kwenye kifungo cha mkufu. Nikamweleza kwa upole kwamba ni chuma, ingawa kinyozi anadai nilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa sumaku haina ndugu. Akalia. Roho iliniuma sana.

Kwa hiyo nikamtoa wasiwasi. Asubuhi mchuuzi aliniuzia msalaba mkubwa, unang'aa, kwa bei ya sabuni. Sumaku haiugusi. Dhahabu tupu, na mjinga wa watu hajui alichouza! Nikamvisha mama mkwe huo, nikabaki na chuma chake. Hasara nimebeba mimi. Chuma nimempa kinyozi afungie ufunguo wa stoo.

Ijumaa, 7 Machi
Mchumba kaja macho mekundu. Baba yake analala sebuleni kwenye kochi. Mkewe amemwambia kwamba miaka yote hii alimfunga msumari shingoni akamwita malaika. Mzee anaapa aliuza baiskeli yake kununua ule msalaba. Mchumba kanisihi niende nikaseme nilikosea. Nikamwambia mtaalamu hapindishi vipimo. Akasema basi nitaoa vipimo vyangu. Nadhani amechoka tu.

Jumapili, 9 Machi
Siku ya posa. Nilivaa suti ya kaka. Mjomba alikaa katikati, mnene, jino moja la dhahabu. Akaingia mama mkwe, kajifunga mtandio shingoni. Akaufungua. Shingo ya kijani! Kijani kama mchicha! Nikajaribu kusema dhahabu safi huwa inatoa jasho mwanzoni. Hakuna aliyecheka, na mimi sikuwa natania.

Hapo akaingia sonara. Jana alienda kunyolewa, akauona msalaba ukining'inia na ufunguo wa stoo, kinyozi akamwambia ni wa nani. Akauweka mezani. Akasema ni dhahabu halisi. Ndani ya kifungo cha mkufu mna springi ndogo ya chuma, ndiyo iliyonaswa. Ule wangu ni shaba, na shaba nayo sumaku haiigusi.

Mama mkwe akamtazama mumewe. Mzee akanyanyuka polepole, mgongo umekaza kwa sababu ya kochi. Akamvisha msalaba upya. Mama akamwomba radhi mbele yetu sote. Wakalia. Hata mimi nililia, nikafutia machozi tai ya kaka.

Sonara akaambiwa abaki ale. Mimi nikaletewa chai barazani.

Mchumba kanisindikiza hadi getini. Amenitetea mpaka sauti imemkauka. Mjomba atanisikiliza tena Jumamosi, mara ya mwisho. Nikiharibu, wakubwa wataanza kuzungumza na sonara. Sharti la mchumba ni moja: nisipime tena kitu cha mtu. Nimeapa. Nampenda yule msichana kuliko pumzi yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Meza nimemrudishia mwenyewe. Sumaku nimeitupa mtaroni. Sasa naona wazi kosa langu lilikuwa wapi: sumaku! Kifaa cha kitoto. Kinyozi anasema siki ndiyo isiyodanganya: shaba hubadilika rangi, dhahabu haibadiliki.

Na lile jino la mjomba linang'aa kupita kiasi. Likiwa halisi, atafurahi kuhakikishiwa na mtaalamu. Likiwa shaba, hataweza kuninyima binti, maana siri yake ninayo. Kote nashinda! Nimenunua chupa ndogo ya siki, inaingia mfukoni kwenye suti ya kaka. Jumamosi kazi yangu ni kumchekesha tu, apanue kinywa vizuri. Tone moja linatosha.