Goti Lililopigwa Picha

Jumatatu, 8 Februari 1999
Siku ya kumi na mbili kisimani, nje ya Minjila. Wanaume wanne tumepangana ndani ya shimo. Unachuchumaa, unapokea ndoo, unainuka, unampa wa juu. Mara elfu kwa siku. Ng'ombe hawatosheki na hawana haya. Goti la kulia linauma kwelikweli. Nimemwomba Wario, msimamizi wa kisima, anitoe kwenye zamu. Akasema kila mtu ana goti. Nikitoka bila sababu, habari zitamfikia Mzee Guyo, naye hampi mvivu binti yake Muna. Ijumaa anajibu posa yangu. Nahitaji ushahidi wa serikali.

Jumatano, 10 Februari
Malindi. Nimepigwa eksirei hospitali ya serikali. Daktari kaitazama, akasema mifupa safi kabisa. Kinachouma ni mshipa chini ya pia ya goti, umechoshwa na kule kuchuchumaa, na picha ya namna hii haiuonyeshi. Nipumzike wiki tatu. Nikamwomba achore ufa mdogo tu, kwa kalamu. Akanionyesha mlango.

Basi nina maumivu ya kweli na picha isiyoyajua. Wario ataniona mwongo.

Jioni nikapita kwa dada Kafia, mtu wa kwetu mwenye duka hapa. Kaziba dirisha kwa picha ya goti la mwanawe, alianguka na baiskeli. Mistari myeusi juu na chini, mfupa vipande vitatu! Nikauliza mtoto yuko wapi. Yuko nje anacheza mpira. Sikuuliza zaidi. Nimeichukua ile, nikamwachia yangu azibie dirisha.

Ijumaa, 12 Februari
Baada ya swala nimeiinua picha juani mbele ya wazee. Wario kashika kichwa, akaniomba radhi, akanitoa kwenye zamu mwezi mzima. Mzee Guyo akasema aliyechota siku zote hizo na mfupa vipande vitatu, huyo ndiye mkwe. Amekubali! Nimelala mpaka jioni.

Jumamosi, 13 Februari
Abdirizak wa zahanati ya Garsen, ambaye pia anamtaka Muna, kaja kunipa pole. Akaomba kuona picha. Akatabasamu mno. Akawaeleza wazee kwamba mistari ile si nyufa, ni pale mfupa unapokulia, na mtu mzima hana. Mwenye goti hili ana miaka kumi hivi, na afya njema.

Wote wakanigeukia. Nikisema si langu, mimi tapeli, kwaheri Muna. Nikakaza macho nikasema ni langu, nimechelewa kukua. Nina miaka thelathini na minne na ndevu.

Wakashauriana. Wario akatangaza kwamba mila iko wazi: anayekua hashuki kisimani, anachunga ndama. Mzee Guyo, kwa upole ulioniuma kuliko goti, akasema binti yake haolewi na mtoto, nirudi nikikomaa. Abdirizak akanipapasa kichwa.

Jumatano, 17 Februari
Siku ya nne na ndama. Wenzangu wana miaka minane na tisa, nao wananituma kuni kwa sababu walinitangulia kazini. Goti limepoa. Muna kapita, akaniuliza kama meno yamemaliza kuota. Nampenda yule, na roho imeniuma sana.

Nimekaa nikatafuta kosa langu, nikaliona. Nilichukua picha ya mtu mdogo mno. Mama mkwe wa Kafia ana miaka themanini na moja, naye alipigwa picha ya goti mwaka jana. Kesho napanda basi la Malindi. Mzee Guyo anataka mfupa uliokomaa, ataupata.