Kizibao cha Mifuko Kumi na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye studio katangaza: nafasi ya mpigapicha wa kudumu ni moja, nasi tuko wawili. Mimi na Mtanashati, yule wa shati jeusi na viatu visivyojua vumbi. Jumamosi tutapiga picha za harusi, atakayemridhisha ndiye. Kisha akalitazama gauni langu, akasema nimevaa kama niliyetumwa chumvi. Mtanashati akacheka hadi akashika mbavu. Haya! Kama ni nguo, watanitambua.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshona kizibao cha kazi! Mifuko kumi na mmoja: lenzi, betri, kadi, vitambaa vya kufutia, na mmoja wa biskuti za mwanangu. Kila mfuko unafungwa kwa utepe wa kunata, ule unaobanduka kwa kelele. Krrraa! Kitambaa kigumu, cha kahawia, kinapendeza. Mume wangu anauliza suruali yake ya kazini iko wapi. Nimemwambia atafute vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Mtoto ana miaka miwili tu, tayari kajua: krrraa ni biskuti. Hata akiwa chumba cha pili, anakuja mbio mdomo wazi. Akili kama za mama yake! Wifi kaahidi kumshika Jumamosi.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kapata homa ya ghafla. Homa gani, na kope mpya za kubandika nimeziona! Nikaenda na mtoto, nikamkabidhi kwa dada anayepamba maua, nyuma kabisa ya ukumbi. Bwana harusi anaapa, ukumbi kimya, betri yangu ikazima, nikafungua mfuko. Krrraa! Mwanangu huyo, mbio, akakanyaga shela, bibi harusi akaketi chini bila kukaribishwa. Mtoto akaninyooshea mkono. Nikamwambia aseme tafadhali kwanza. Akasema, ningemnyimaje? Ukumbi ukaangua kicheko, bibi harusi kuliko wote. Picha bora ya siku! Kaipiga Mtanashati. Mimi mikono imejaa makombo.

Jumapili, 9 Machi
Nafasi kapewa Mtanashati. Picha imetundikwa kwenye dirisha la studio: bibi harusi, mwanangu na biskuti, na mgongo wangu. Kizibao kimekaa vizuri, jamani! Mume wangu kapita pale, katambua mfuko wa nyuma wa suruali yake. Nimemwomba radhi kwa moyo wote.

Kosa nimeliona: utepe. Kinachotakiwa ni vifungo. Koti lake la harusi lina sita vya fahari, na halijavaliwa tangu tuoane. Yeye anaoga. Mkasi niliuweka wapi?