Mpungate wa Mama Mkwe

Jumapili, 16 Juni
Bado sijamaliza kusifu vidole vya Verlene! Siku kumi na moja za ndoa, na akiniita "mume wangu" bado nageuka kutazama anamwita nani. Tumepiga kambi hifadhini kuvuna matunda ya sagwaro, ile mipungate mirefu. Mama mkwe, Bi Philomena, hupewa kibali kila mwaka, kama mama yake zamani. Shemeji Alvin kapewa upembo wa kuangulia. Mimi, ndoo. Dharau!

Jumatatu, 17 Juni
Nimeharibu. Maganda huachwa chini yakitazama mbingu, wekundu wake uite mvua. Mimi nimeyafudikiza yote, yapendeze. Mama mkwe akauliza kama nataka ng'ombe wake walioponea ukame wafe pia. Alvin akasema, "Shemeji, wewe mvua ikikuona inageuza njia." Verlene akacheka. Meno yale!

Jumanne, 18 Juni
Nimepata dawa! Miguu ya mama mkwe imevimba, kutembea hadi kwenye mipungate ni mateso. Basi nitampandia mmoja uani! Nimechagua unaonifika kiunoni, mnene, mzuri. Kesho mchana, wakisinzia.

Jumatano, 19 Juni
Miiba hadi ulimini. Nimeung'oa, nikauviringisha kwenye blanketi letu la harusi, nikaupakia kwenye gari la Alvin. Askari wa hifadhi kanikamata njiani, kanirudisha kambini. Akasema una miaka thelathini, na hautazaa kabla ya mingine arobaini. Mama mkwe ana sabini na nne! Kisha askari akaomba kibali cha mama mkwe. Akakikunja, akaondoka nacho.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alishika mizizi iliyokatika, akasema, "Huyu ni mtu. Umeua mtu." Alvin hakutania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa, 21 Juni
Kambi imevunjwa. Hakuna shira ya matunda, basi hakuna pombe ya kuita mvua. Ng'ombe mwingine kafa. Verlene kaenda na mama yake. Alisema alidhani ameolewa na mtu mzima. Hata akilia ni mrembo!

Jumapili, 23 Juni
Nyumba kimya. Alvin kaniambia nisikanyage kwao. Wivu tu. Leo, kando ya ua wa hifadhi, nimemwona kobe wa jangwani. Mpole! Hana miiba, hana mizizi, nani atalalamika? Nimeshamtia kwenye ndoo, zawadi ya mama mkwe. Mwezi huu hauishi kabla sijawatembelea, mimi na kobe.