Karani Asiyeweza Kuibiwa

Jumatatu, 6 Machi

Karani wangu Lorraine kaondoka. Miaka yote ile ofisini kwangu, anajua koki zote kwa majina, halafu anakwenda kwa Barry Stannard! Barry, fundi bomba mwenzangu hapa mjini Gympie, mwizi wa mchana. Kamwahidi mahali pa kuegesha gari penye kivuli. Kivuli tu! Mimi gari langu mwenyewe linaungua jua na sijalalamika.

Sasa mke wangu Glenys ndiye anayepokea simu. Leo kamwambia mteja mwenye bomba lililopasuka anunue ndoo. Kasema atanivumilia mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo anakwenda kwa dada yake Bargara, bahari iko pale pale mlangoni.

Na mwisho wa mwezi ndipo mkataba wa nyumba za wazee za Fairhill unapokwisha. Meneja wao kasema wazi: simu ipokelewe vizuri, la sivyo wanahama. Bila Fairhill sina biashara, nina gari na bisibisi.

Nimewaza wakati wote wa chakula cha jioni. Nimepata! Barry huiba kinachong'aa. Basi nitaajiri mtu asiyejua lolote kuhusu mabomba. Nani ataiba kuku asiyetaga?

Jumatano, 8 Machi

Usaili. Wa kwanza aliniuliza natumia vali za aina gani. Anajua mno huyo. Nikamtoa. Wa pili aliwahi kumfanyia kazi fundi umeme. Karibu mno na ufundi. Nikamtoa.

Wa tatu ni Noelene Pike, mama mtu mzima. Maisha yake yote kakaa mapokezi kwa daktari wa mifugo. Nikamuuliza: hita ya maji ikivuja, utamwambia nini mteja? Akasema kwanza atamuuliza kama kuna mtu kaungua. Kosa! Kwanza unafunga vali, kila mtu anajua. Nikampa kazi hapo hapo.

Glenys kasema mama huyo anaonekana mtu wa maana. Nikamwambia asiniharibie siku.

Jumatatu, 13 Machi

Mambo ya ajabu. Alhamisi mzee mmoja kapiga simu, choo chake kimeziba. Noelene kamuuliza kwa upole kimeanza lini kutojisikia vizuri, na kama kimemeza kitu kigeni. Nikataka kuingia chini ya meza. Kumbe mzee kajibu yote! Kakumbuka hata kifuniko cha dawa ya meno. Nikafika nikijua ninachotafuta.

Kesho yake Noelene kampigia tena, kumuuliza choo kimelalaje. Nikamweleza kwamba katika kazi yetu mteja hapigiwi simu, mteja ndiye anayepiga, tena mara nyingi. Akaitikia, akaendelea.

Kibaya zaidi, anawaambia watu ukweli. Mimi na Lorraine tulikuwa tukisema, "Fundi yuko njiani." Ndivyo inavyosemwa, na mteja naye anajua maana yake ni wiki ijayo. Noelene anawaambia kwamba Trevor, yaani mimi, atafika kesho saa nne asubuhi. Sasa inanilazimu nifike kesho saa nne asubuhi! Nimechoka.

Mzee wa choo kaleta keki ya ndimu. Nimekula vipande vyote.

Alhamisi, 16 Machi

Meneja wa Fairhill kapiga simu. Kasema wazee wake wanampenda Noelene, wengine wanapiga simu wakati mabomba yao hayana hata tatizo. Mkataba ataurefusha, ila nihakikishe mama huyu anabaki.

Nilifurahi kwa muda wa kunywa chai. Halafu nikaelewa. Lo! Kuku kaanza kutaga! Barry akisikia, nimekwisha.

Nikamwomba Noelene apokee simu kwa jina la Glenys, ili asijulikane. Akauliza kwa nini. Nikasema sababu za kodi. Akakataa, kwa adabu. Glenys naye akakataa, bila adabu.

Kesho ni Ijumaa, na kila Ijumaa duka la vifaa vya mabomba linatupa mafundi kifungua kinywa cha bure. Mji mzima wa mabomba utakuwepo, na Barry hajawahi kukosa cha bure. Nitamchafua Noelene mpaka asitamanike.

Ijumaa, 17 Machi

Kazi imefanyika, tena safi.

Nilisimama karibu na jiko la kuchomea, mkate wa bekoni na yai mkononi, nikapaza sauti. Nikasema karani wangu mpya ni bure kabisa, hajui koki wala kijiko, nimeokota balaa. Mafundi wakacheka. Barry hakucheka. Alitafuna polepole akinitazama.

Hapa kwetu hakuna anayesifu cha kwake; kadiri kilivyo kizuri ndivyo anavyokiponda. Binti wa Barry alipohitimu udaktari, Barry alituambia angalau sasa ataacha kumalizia maziwa kwenye friji. Wote tukampongeza.

"Mbaya kiasi hicho?" akaniuliza. "Pole sana, bwana. Anaitwa nani?"

Nikampa jina lote, ili ajue wa kumkwepa. Akalirudia mara mbili lisimtoke. Nikaongeza mkate wa pili. Masikini Barry, nilimwonea hata huruma.

Jumatatu, 20 Machi

Maneno yana miguu. Mpwa wa Noelene anauza kwenye duka lile lile. Nani angejua?

Noelene alingoja nimalize chai. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Trevor, umewaambia watu mimi ni bure?"

Nikasema ulikuwa mkakati wa biashara.

"Sawa. Na wewe mwenyewe unaionaje kazi yangu?"

Hapo neno moja tu lilitakiwa. Nililiona, liko pale kwenye ulimi. Lakini ukimsifu mfanyakazi leo, kesho ataomba nyongeza, keshokutwa kivuli. Nikasema, "Siyo mbaya."

Kwangu mimi hayo ni mengi! Nimewahi kuyasema mara moja tu, kumhusu Glenys, siku ya harusi yetu.

Noelene akafunga mkoba wake taratibu. "Kule kwa daktari, hata mbwa walikuwa wanaambiwa wamefanya vizuri," akasema. Akaenda kula chakula chake nje.

Glenys, ambaye husikia kila kitu akiwa jikoni kwetu, ng'ambo ya ukuta wa ofisi, akaniambia niende nikaseme asante, nimalize. Nikamwambia haelewi biashara. Badala yake nimefanya jambo la busara: nimesogeza kiti cha Noelene karibu na feni. Ataelewa mwenyewe.

Jumatano, 22 Machi

Hakuelewa. Kakirudisha kiti, anasema feni inampeperushia karatasi.

Mchana kanipa mkono wa kwaheri. Ijumaa anamaliza, anakwenda kwa Barry. Nikauliza kama ni mshahara. Ni ule ule. Nikauliza kama ni kivuli. Kivuli anacho Lorraine. Basi ni nini? Kasema Barry alimpigia simu, na kabla ya lolote akamshukuru kwa jinsi alivyomtuliza shangazi yake, anayekaa Fairhill.

Asante! Mtu anaibwa kwa asante! Hila ya bei rahisi kama hiyo, na mimi sikuiwaza.

Jioni meneja wa Fairhill kapiga simu. Mkataba unamfuata Noelene. Nilikaa kwenye gari juani, madirisha yamefungwa. Roho iliniuma kwelikweli. Nilimzoea yule mama. Hata keki za wazee wake nilizizoea.

Jumatatu, 27 Machi

Nimekaa, nimepima, nimeliona kosa langu. Noelene alikuwa na uzoefu! Si wa mabomba, lakini wa wanyama, na mnyama hana tofauti kubwa na mteja. Safari hii sirudii.

Nimemwajiri Desmond. Maisha yake yote kakata nyasi kwenye kiwanja cha gofu. Simu anaiogopa. Kompyuta aliigusa kwa kidole kimoja, akajifuta.

Asubuhi simu ililia, akaitazama mpaka Glenys akamfokea. Alipoipokea, alikuwa bibi mmoja anayelia, nyumba nzima haina maji. Desmond akamsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akamwuliza kama kuna mtu kakata nyasi leo karibu na mita ya maji. Kumbe mkata nyasi kaifunga koki kwa bahati mbaya! Bibi akaifungua, maji yakaja, akamwombea Desmond baraka.

Desmond akanigeukia, uso wote tabasamu, akingoja.

Glenys akanitazama. Sanduku lake la Bargara liko mlangoni.

Nilikaribia kabisa kumwambia asante. Nikajizuia kwa wakati. Ijumaa nitakwenda kwenye kifungua kinywa mapema, kabla Barry hajafika, niwaambie wote jinsi Desmond alivyo bure.